Ujumbe kwa Dada Vasiti

4 Desemba

Presha ya asubuhi nzuri. Nimekula nusu ya kiazi kitamu, bila tui. Joto ni la kukaangia samaki na mvua imegoma kunyesha. Mke wangu Melenaite ananiambia nina sura ya mtu aliyefungwa bila kosa. Nikamjibu kwamba mwenye sura hii atafika miaka tisini.

"Atafika," akasema, "lakini atafika amenuna."

7 Desemba

Sijui nianzie wapi. Nimekaa na kalamu tangu chakula cha mchana.

Melenaite alimpeleka dada yangu Vasiti hospitali ya Neiafu kwa sababu ya miguu kuvimba. Nilidhani watampa vidonge warudi. Wamerudi na habari kwamba figo zote mbili zimekwisha. Si kwamba zinaumwa, zimekwisha! Daktari amesema bila kuunganishwa na ile mashine ya kusafisha damu huenda asiumalize msimu huu wa mvua. Na mashine hiyo haipo hapa visiwani, ipo ng'ambo, Auckland.

Nimempigia simu binti yetu Sisilia, ambaye yuko hukohuko Auckland. Alilia kwanza, kisha akaanza kuhangaika, na kabla jua halijatua alikuwa ameshapata mahali. Wanaweza kumpokea shangazi yake mwaka mpya ukianza. Atakwenda mara tatu kwa wiki, kila mara atakaa kwenye kiti saa nne au tano, na ataishi. Huenda akaishi miaka kumi. Nilipiga hesabu pale pale: atakuwa na sabini na nane. Mama yetu hakufika huko.

Siwezi kumwambia mwenyewe, bila shaka. Nyumba yake na yangu zinatazamana, ua ni mmoja, lakini tangu nilipoanza kuota ndevu sijakaa na dada yangu katika nyumba moja, wala kuzungumza naye habari za mwili wake. Ndiyo mila yetu kati ya kaka na dada; heshima ni heshima. Maneno yetu yote anayabeba Melenaite, miaka thelathini na sita sasa, akikatiza ua na kupita chini ya mshelisheli.

Nikamwambia, "Mwambie Vasiti namwomba aende. Mwambie ni ombi la mdogo wake. Usipunguze kitu."

Akaenda. Alikaa sana kule. Aliporudi macho yalikuwa mekundu.

"Kasemaje?"

"Amesema amekusikia."

8 Desemba

"Amekusikia" ndiyo jibu gani?

12 Desemba

Leo nimeshtuka hadi nikaangusha kikombe. Maji yalikuwa yamekupwa, nikatazama kwenye miamba, nikamwona mwanamke amekunja gauni hadi magotini, ana fimbo ya kuwindia pweza, anacheka peke yake. Dada yangu! Mwanamke mwenye miguu iliyovimba kama magogo! Nilitaka kumpigia kelele, lakini ndugu wa kiume humpigiaje kelele dada yake aliyekunja gauni? Nikageuka nikautazama ukuta.

Nikamtuma Melenaite. "Kamwambie atoke majini sasa hivi."

Baada ya muda akaja na mkono mmoja wa pweza kwenye sahani. "Amekutumia hii," akasema.

Sikuula. Pweza ana chumvi nyingi.

17 Desemba

Kanisani dada aliimba kwa nguvu hadi kiongozi wa kwaya akageuka kutazama. Mimi sikugeuka. Presha juu.

25 Desemba

Krismasi. Nimekula kuku wa kuchemsha. Wengine wote walikula nguruwe.

3 Januari

Nimefedheheka, na sina mtu wa kumwambia ila karatasi hii.

Ni wiki ya maombi, na kila siku familia moja inawalisha wengine baada ya ibada. Leo zamu ilikuwa yetu. Watu wameshiba, wapiga gitaa wameanza, na kama kawaida wakaitwa wasichana kucheza. Mara nikasikia makofi ya namna nyingine, makofi ya watu wasioamini macho yao. Vasiti alikuwa amesimama katikati, amejipaka mafuta ya nazi mikononi, ana ua sikioni. Umri wake ni miaka sitini na minane!

Nilitoka upesi, maana si mahali pangu kumtazama dada yangu akicheza. Nikasimama nje nyuma ya ukumbi wa kanisa karibu na mapipa ya maji. Nilisikia kila kitu. Walikuwa wakicheka, wakipiga vigelegele, wanawake wazima wanalia. Kitione, tuliyesoma naye tangu utoto, akanifuata huko nje na bilauri ya kava, kinywaji chetu cha mizizi. Nikamwambia siku hizi sinywi.

"Manase," akasema, "wewe unaishi kama mtu anayemtunzia mwenzake gari. Unaliosha, unalifunika, huliendeshi."

"Nenda zako, Kitione."

"Naenda. Dada yako anacheza vizuri kuliko wewe unavyotembea."

Nyumbani nikamwuliza Melenaite kama amefikisha ujumbe wangu wa safari. Akasema ameufikisha. Kama kawaida yake? Kama kawaida yake. Basi dada yangu ananidharau. Namwomba aishi, naye ananijibu kwa ngoma.

14 Januari

Mvua hatimaye. Ndege ya kwanza ambayo Sisilia alimwekea nafasi imeondoka bila Vasiti.

16 Januari

Habari nimeipata kwa majirani. Kile kitambaa kikubwa cha magome ya mti alichokigonga Vasiti mwenyewe na wenzake mwaka mzima, akakihifadhi chini ya godoro kwa ajili ya siku ya kuzikwa kwake, amekitoa. Amekitandika sebuleni. Analalia! Watoto wa jirani wanapiga sarakasi juu yake. Kipande amekikata akampa binti wa Kitione amfunikie mtoto mchanga.

Sasa siku ikifika tutamfunika na nini? Nikamtuma Melenaite amwambie hilo kwa maneno haya haya. Akarudi upesi mno.

"Kasemaje?"

"Amesema kinakwaruza mgongo lakini kinanukia vizuri."

Tangu lini dada yangu ananijibu hivi? Alikuwa mtu wa kuwaza mara mbili kabla ya kuomba chumvi. Nimekaa kibarazani hadi miguu ikafa ganzi. Nina hasira naye, na hasira yenyewe inanitisha, maana ni hasira juu ya mtu anayekufa.

29 Januari

Vasiti amechimba kiazi kikuu. Kabla ya mavuno! Kabla mchungaji hajaletewa vya kwanza! Alifukua kimoja kichanga kwenye shamba lake mwenyewe mchana kweupe, akakichoma, akakila na siagi mlangoni pake, kila mpita njia anaona.

Mchungaji alikuja. Nikasema moyoni, haya, sasa atasikia la kusikia. Nikangoja. Mchungaji akatoka baada ya nusu saa anafuta siagi mdomoni.

Sina la kuongeza.

6 Februari

Melenaite hanitazami machoni. Nadhani ananionea huruma. Mvua, mvua.

15 Februari

Kimbunga kimepita. Tuko hai wote. Ninaandikia jikoni, kwenye banda la kuni, na nitaeleza kwa nini.

Juzi asubuhi redio ilisema kitapita mbali. Melenaite akaenda ukumbi wa kanisa kusaidia kupigilia mbao madirishani. Kabla ya saa sita mbingu ikawa kijani na upepo ukaja wote kwa pamoja, akabaki hukohuko. Mimi nilikuwa nashikilia mlango wetu kwa bega. Nikasikia mlio kama wa turubai likichanwa, nikachungulia, nikaona bati la nyumba ya Vasiti linaondoka, kisha jingine, kisha paa zima likainuka likaenda zake baharini.

Akaja kwa kutambaa. Nilimwona akikamata nyasi kwa mikono. Nilitoka nikamshika kiwiko na kumvuta ndani. Sikuwa nimemgusa dada yangu tangu tukiwa watoto tunaoga kisimani. Mkono wake ulikuwa mwepesi, mfupa na ngozi tu.

Ndani nikafunga kamba kutoka msumari wa picha hadi dirishani, nikatundika shuka la maua katikati ya sebule. Yeye upande ule, mimi upande huu.

Nyumba ilikuwa ikiguna. Nikafikiri, tukifa leo nitakufa sijui. Kwa hiyo nikauliza, kwa sauti kubwa ili upepo usinizidi:

"Vasiti! Kwa nini ulilikataa neno langu?"

"Neno gani?"

"La Auckland!"

"Sijalikataa! Nimelifuata!"

"Umelifuata vipi? Ungekuwa umeshakwenda!"

Kisha shuka likasogea, kama mtu amelisogelea.

"Manase. Ulimtuma mkeo Naite aje aniambie nisiende popote kama sitaki. Ukasema, mwambie akae, afanye kila anachokipenda, mimi ndugu yake niko nyuma yake. Nilidhani mtu mwenye woga kama wewe hawezi kusema hivyo. Nililia kutwa nzima. Nikamwambia akuletee shukrani zangu. Hakukuletea?"

Nilihisi kama sakafu imetoka chini yangu, na kweli kona moja ya nyumba ilikuwa inainuka na kushuka.

"Nilipocheza," akaendelea, "Naite akaja akaniambia ulisimama nje ukilia kwa furaha."

"Nilisimama nje kwa aibu!"

Basi akaanza kucheka. Paa linataka kwenda, bahari iko barabarani, na dada yangu anacheka hadi anapaliwa. "Mwanamke yule!" alikuwa anasema. "Mwanamke yule!"

Alipotulia, sauti yake ilibadilika. "Kwa hiyo ulitaka niende."

"Ndiyo."

"Na bado unataka?"

"Ndiyo, Vasiti!"

"Ungeniambia mwenyewe ningekwenda siku ileile. Nisingetaka, lakini ningekwenda. Nimewahi kukukatalia nini? Niambie hata sasa. Ndege zikianza kuruka, sema neno, nami nitakwenda nikakae kwenye kiti hicho."

Nilifungua mdomo. Kioo cha dirisha kikapasuka, tukaanza kusukuma kabati, na jambo hilo likaachwa hapo.

16 Februari

Jana sikuimaliza habari hii. Melenaite alirudi siku ileile ya kimbunga alasiri, upepo ulipotulia, mzima, miguu imejaa matope, akanikumbatia. Nilisimama kama mlingoti.

"Ulimwambia nini dada yangu?"

Aliona shuka. Akaelewa. Hakujitetea wala hakukana, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

"Nilikuwa nayabeba maneno yako hadi kwenye mshelisheli," akasema. "Hapo nayatupa. Nikifika kwake nina mengine."

"Umeniulia dada!"

"Figo ndizo zinazomwua."

"Miaka kumi, Naite! Angepata miaka kumi!"

"Kwenye kiti. Chumbani kwa Sisilia, anatazama ukuta wa jirani, hamjui mtu, hatoki nje kwa baridi. Nilimwona usoni hospitalini alipotajiwa hiyo mashine, wewe hukuwepo. Nilijua angekwenda. Angekwenda kwa ajili yako, si kwa ajili yake, na asingekwambia kamwe. Nikasema, bora unichukie mimi."

"Basi nakuchukia."

"Najua," akasema, na akaenda kutafuta ufagio.

Nimeoa mwongo. Miaka thelathini na sita! Ni ujumbe gani mwingine aliutupa chini ya mti ule?

Vasiti analala nyumbani kwetu hadi mabati ya paa lake yapatikane. Siwezi kulala naye nyumba moja, kwa hiyo mimi ni mwenyeji wa banda la kuni. Presha sijapima. Mashine imelowa.

20 Februari

Sisilia amepiga simu. Wamefungua uwanja wa ndege. "Baba, kuna ndege Jumatano. Mwezi huu ukiisha nafasi anapewa mwingine. Anakuja au haji?" Nikasema nitamjibu.

Simsemeshi Melenaite. Ananiletea chakula, anaweka juu ya kuni, anaondoka.

23 Februari

Leo nilijitayarisha. Nilinyoa ndevu, nikafunga mkeka wangu wa heshima kiunoni kama mtu anayekwenda kwa chifu, nikaenda kusimama nje ya ukuta wa nyumba yangu mwenyewe, chini ya dirisha la chumba alicholala. Nilikuwa na sentensi yangu tayari: Nenda, Vasiti, nakuomba. Nilikuwa nimeirudia jikoni kama mtoto anayekariri sala.

Nikakohoa. "Uko macho?"

"Niko macho."

"Unafanya nini?"

"Namsikiliza mke wako anavyowagombeza kuku."

Sikutegemea jibu hilo. Na kweli kuku walikuwa wanagombezwa, tena kwa majina yao. Sikuwa nimewasikia.

Nikamwuliza jambo ambalo sikupanga kuliuliza. "Huogopi?"

"Naogopa sana," akasema. "Kila asubuhi, Manase. Nikifungua macho tu, woga umekaa juu ya kifua kama mtu. Halafu nasikia harufu ya moshi wa Naite, najiambia, ngoja kwanza nione leo wanapika nini. Nikishaona, mara unakuta kumekucha kabisa."

"Na Auckland?"

"Huko pia wanapika. Ukitaka nitakwenda, nimeshakuambia."

Sauti yake ilikuwa imechoka, lakini haikuwa na hila. Angekwenda. Ilikuwa ni mimi kufungua mdomo tu. Miaka kumi ilikuwa pale, upande wangu wa ukuta, mkononi mwangu, na nilikuwa na haki ya kuitaka.

"Kaa," nikasema.

Naapa sikujua nitalisema. Nililisikia kama limesemwa na mtu mwingine, nikageuka kuona ni nani. Nikakaa kwenye nyasi zilizolowa na mkeka wangu mzuri.

"Umesema?" akauliza.

"Nimesema kaa, Vasiti. Ni mimi mwenyewe. Hakuna aliyebadilisha."

Nilimsikia akilia, nami nililia, na ukuta katikati. Melenaite alikuwa amesimama na punje za mahindi mkononi, kuku wamemzunguka, amesahau kuwatupia.

Nimempigia Sisilia. Amenikatia simu. Nimempigia tena. Hataki kunielewa na simlaumu, mimi mwenyewe sijielewi.

25 Februari

Nimekula majani ya magimbi yaliyookwa na nyama ya kopo na tui la nazi. Nilikuwa nimesahau kwamba tui linaungua kidogo pembeni. Nilikula mafungu mawili.

4 Machi

Kila alasiri nakaa chini ya dirisha. Leo alinisimulia jinsi baba alivyoanguka kutoka kwenye mnazi mbele ya wakwe. Sikuwa nimewahi kuisikia. Tulicheka hadi mchungaji akasimama barabarani kutuuliza kuna nini.

9 Machi

Paa lake limerudi. Amekataa kuhama. Naendelea na banda la kuni, mgongo unalalamika.

Melenaite ameniuliza kama nimemsamehe. Nikamwambia nusu. Akasema nusu inamtosha kwa wiki hii.

18 Machi

Mavuno ya viazi vikuu yameanza. Vya kwanza tumempelekea mchungaji, safari hii kwa utaratibu. Vasiti hali tena. Anataka vipitishwe tu mlangoni avinuse. Nimembebea hadi mlangoni mimi mwenyewe, nikafumba macho nisimwone. Amesema nilikanyaga paka.

24 Machi

Anapumua kwa shida. Wakati mwingine ananijibu, wakati mwingine hajibu, naendelea kusema tu. Nina hofu kubwa. Leo nilitaka kukimbilia uwanja wa ndege kumtafutia nafasi.

27 Machi

Asubuhi, baada ya chai. Melenaite alitoka nje akanitazama, na hakuhitaji kubeba neno lolote.

30 Machi

Tumemzika leo.

Ndugu wa kiume haoni uso wa dada yake aliyekufa. Mahali pangu palikuwa nyuma, kwenye moshi, nimefungwa mkeka wa msiba, mkubwa na uliochakaa, hadi kifuani, nafukia na kufukua tanuri la ardhini kwa ajili ya watu waliokuja. Nilisikia nyimbo kutoka ndani. Nilijaribu kujua yuko upande gani wa chumba. Walikuwa wamemlaza juu ya kile kitambaa chake cha magome, pamoja na mikunjo yake na lile tundu alilolikata. Kitione alinisaidia kubeba mawe na kwa mara ya kwanza maishani hakusema kitu.

Kabla hawajamfunika Melenaite alitoka. Alikuja moja kwa moja kwangu, amevaa nyeusi, macho yamevimba.

"Yukoje?" nikamwuliza.

"Amelala vizuri. Ana sura ya mtu aliyeshiba. Kama anatabasamu hivi."

Nilishusha koleo. Nilimtazama, naye akanitazama.

"Naite," nikasema. "Kweli?"

Moshi ulitupitia katikati.

"Hapana," akasema. "Amekonda, Manase. Mdomo umebaki wazi, tumeshindwa kuufunga. Si yeye kabisa."

Nilipiga yowe. Kitione alikuja mbio akidhani nimeungua. Melenaite akanishika kichwa akakiweka begani kwake, majivu na yote, na akaniambia mengine, uso ulivyokuwa, mikono ilivyokuwa, rangi ya kucha, moja baada ya jingine, bila kunificha hata kimoja. Nami nilimsikiliza mpaka mwisho. Kisha tukafukua nyama, kwa sababu ilikuwa imeiva na watu walikuwa na njaa.